Kuku Ambaye Mama Katuku Hakumla

Mama Katuku anafuga kuku, na kila mmoja ana jina. Kuna Waziri, jogoo anayepiga kelele bila kazi. Kuna Bi Harusi mwenye manyoya meupe, na kuna mmoja mwenye mguu mbaya anayeitwa Polepole. Ukija kwake mgeni hachinji hao. Anavuka njia, ananunua kuku wa jirani asiyemjua jina. Ndiyo maana siku aliposhtakiwa kwamba amekula kuku wa kukaanga kwa pesa za kikundi, mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Jina lake la kuzaliwa ni Syokau. Alitoka Ukambani akiwa msichana, akaolewa hapa Voi na fundi wa reli. Fundi alipokufa, watu wa kwao walimwambia arudi. Akawajibu kwamba watoto wake wanaota kwa Kiswahili cha Voi, atawarudisha wapi. Akabaki. Anaongea Kidawida cha wenyeji wa hapa kwa lafudhi ya Kikamba, na ukimcheka anaongea kwa sauti zaidi.

Mimi nilipojifungua Sharon, mama yangu alikuwa mbali kule Mwanda, na mume wangu yuko kazini wiki nzima. Mama Katuku hakuniuliza kama nahitaji mtu. Nilisikia tu mlango unasukumwa asubuhi, chupa ya uji inawekwa mezani, na sauti inasema, "Lete huyo mtoto, wewe kunywa." Alimwogesha Sharon mpaka kitovu kikapona. Kwa hiyo usinitegemee nimweleze kama mtu wa kando.

Kikundi chetu ni cha akina mama kumi na wanane. Tuna shamba upande wa Mbololo, tunalima sukuma na nyanya, na tunavuta maji kisimani kwa pampu ya dizeli. Kila mmoja ana mgawo wake wa matuta. Mgawo wa Mama Katuku uko karibu na kisima, na ndio unaomlisha. Tena tunazikana. Mmoja akifiwa, kikundi kinagharamia gari la kumrudisha marehemu nyumbani. Mama Katuku ndiye mweka hazina, na kadi ya benki inakaa kifuani mwake, ndani ya karatasi ya mkate. Ni zile kadi za siku hizi, inagusishwa tu kwenye mashine, pesa zinatoka.

Msiba ulimfika mwenyekiti wetu, Teresia. Mama mkwe wake alifariki, na Jumamosi moja tulimtoa mochari kumpeleka Mwanda. Jua lilikuwa la saa saba. Mwanda ni kupanda milima, na gari lilikuwa na mafuta ya kufika Mwatate tu. Dereva akaingia kituo cha mafuta hapo barabara kuu. Teresia alikuwa mbele, analia. Mimi nilikuwa nyuma karibu na jeneza, namnyonyesha mtoto chini ya leso. Mama Katuku alishuka, akampa kadi bwana wa pampu, akazunguka nyuma kufunga shada la maua lililokuwa linataka kuanguka. Kadi ilirudishwa kupitia dirisha la mbele, tukaondoka.

Hakuchukua risiti. Kikundi chetu kina desturi moja, tuliikuta kwa waliotutangulia: marehemu akiwa garini, hakuna risiti. Hatuulizi bei, hatungojei karatasi, hatusimami kuhesabu. Mfiwa hafai kusikia ni shilingi ngapi kumrudisha mtu wake kwao. Hesabu itakuja baadaye na taarifa ya benki.

Pale kaburini nilimwona Teresia akijipangusa macho kwa tishu nyekundu. Ilikuwa imelowa mpaka rangi ikamshika shavuni. Nilimpa leso yangu.

Jumatatu iliyofuata, Mama Katuku alipanda treni kwenda Nairobi kumwona binti yake Katuku. Wengine wetu tulimsindikiza mpaka stesheni.

Mwisho wa mwezi tulikutana katika darasa la watoto la kanisa, tumekalia vile viti vidogo, magoti yamefika kidevuni. Katibu wetu, Susan, alikuwa ametoa taarifa ya benki akawa anaisoma.

"Dizeli. Dizeli. Mbegu. Dizeli tena. Dawa ya nyanya." Akaikaribia karatasi. "Chapu Kuku. Nairobi. Jumatatu. Elfu nne na mia tatu."

"Chapu Kuku ni nani?" akauliza Mama Katuku.

"Si mtu. Ni mkahawa. Wale wa kuku na chipsi za haraka."

Hakuna aliyemtazama Mama Katuku, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutazamwa. Teresia ndiye aliyesema.

"Mama Katuku, Jumatatu hiyo ulikuwa wapi?"

"Si mnajua. Nairobi. Huyu Mama Tom hapa ndiye alinibebea mfuko mpaka kwa treni."

"Basi."

"Basi nini?"

"Nairobi, Jumatatu, kuku. Tuseme njaa ilikushika, ni ubinadamu."

"Njaa ya elfu nne! Asi! Kuku wa elfu nne nikimla mimi, ningerudi Voi bila treni. Ningeruka." Watu wakacheka kidogo, kisha wakajizuia. "Mwaka jana ndovu alikula mihogo yetu yote na hamkumwitia kikao. Mimi kuku mmoja nimewekwa katikati?"

"Ndovu hatukumpa kadi," Susan akasema, na hapo wakacheka kweli.

Teresia hakucheka. Alishusha sauti, ile sauti ya kanisani. "Mama, hatutaki kelele. Rudisha polepole, hatutaandika kitu, tufunge kwa maombi. Lakini Jumamosi ijayo ikifika hujarudisha, utatoa kadi, na mgawo wa shamba apewe mwingine. Ndiyo sheria yetu. Hata ingekuwa mimi."

Mama Katuku aliinuka kwenye kile kiti kidogo, akakisukuma ukutani kwa mguu. "Sitarudisha nisichochukua. Andikeni hivyo kwa wino."

Njiani nilimuuliza kwa nini asilipe tu yaishe. Nilijua alikuwa ameuza nyanya, pesa alikuwa nazo. Alisimama katikati ya njia, pikipiki zikitupigia honi.

"Wewe Mama Sharon, nikilipa, nimekula. Leo watafunga kwa maombi. Miaka kumi ijayo huyu mtoto wako ataonyeshwa mimi kwa kidole, aambiwe yule bibi aliyekuogesha alikuwa anakula vya watu. Pesa ziko. Siwapi."

Jumatatu tulikwenda benki. Dada wa dawati alitukaribisha vizuri, akasikiliza, akatoa fomu.

"Jaza hapa mama. Tutafunga kadi, halafu uchunguzi utachukua wiki kadhaa."

"Wiki kadhaa? Mimi nina mpaka Jumamosi. Na nijaze kwamba nini?"

"Kwamba kadi ilitumiwa na mtu mwingine bila wewe kujua."

"Lakini haikutumiwa na mtu. Inakaa hapa." Akajipiga kifuani, karatasi ya mkate ikalia. "Sasa niandike uongo ili nionekane mkweli? Hapana. Wewe nieleze tu hiki kitu kimeandikwa nini. Usinipe fomu, nipe maana."

Yule dada alitabasamu, akageuza kioo cha kompyuta tukione. "Sawa. Hii tarehe si lazima iwe ndiyo siku uliyolipa. Ni siku benki ilipoandika. Ukilipa wikendi, inaandikwa Jumatatu. Na hili jina ni la mwenye mashine. Nairobi ni kwa sababu ofisi yao kuu iko huko. Mashine yenyewe inaweza kuwa popote."

"Popote wapi?"

"Hata hapa Voi."

Mama Katuku alisimama. "Hata hapa Voi," akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu. Fomu aliiacha mezani.

Chapu Kuku iko moja tu hapa mjini, na kila anayepita barabara kuu ameona bango lake, jekundu lenye picha ya jogoo. Iko ndani ya ua wa kile kituo cha mafuta. Hata hapo hatukuwa tumeunganisha. Dizeli yetu tunanunua hapo kila mara, na kwenye taarifa inaandikwa jina la kituo, vizuri kabisa. Mama Katuku aliingia moja kwa moja kwenye kaunta.

"Mnanijua?"

"Hapana mama, karibu. Vipande viwili au vitatu?"

"Sitaki vipande. Nataka jina langu."

Sharon alikuwa amechoka, analia, na harufu ya mafuta ya kukaangia ilikuwa inamtia chafya. Nikatoka naye nje, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikampa titi. Nilikuwa naangalia tu, kama mtu anayenyonyesha anavyoangalia. Lori lilisimama kwenye pampu. Dereva akatoa kadi. Bwana wa pampu akaigusisha kwenye mashine yake, akangoja. Akaiinua mashine juu kama anayetafuta mvua. Akaitikisa. Kisha akaiweka chini, akavuka ua na ile kadi mkononi, akaingia mlango wa kuku. Alipotoka alikuwa anajipangusa vidole vyenye mafuta, akamrudishia dereva kadi na kitu kingine cha kujipangusia. Tishu. Nyekundu.

Nilisahau kwamba mtoto bado ananyonya. "Mama Katuku!" nikaita. "Toka nje! Toka!"

Bwana wa pampu anaitwa Mwandawiro, mtu mzima, mpole. Alitujibu bila hata kushangaa.

"Hii mashine yetu asubuhi iko sawa. Jua likipanda inakataa netiweki, sijui ni hili bati. Mwenye kituo na mwenye kuku ni mmoja, basi tunaazima ya kuku. Mafuta ni yale yale."

Dizeli ya shamba tunanunua alfajiri. Jeneza lilipita saa saba. Na kwenye taarifa tulidhani dizeli yake ni moja ya zile zilizosomwa.

"Na gari la msiba," Mama Katuku akauliza polepole, "la kwenda Mwanda. Ulilipisha wapi?"

"Lile? Kule ndani. Nakumbuka kwa sababu mama mmoja alikuwa mbele analia sana. Nilimrudishia yeye kadi, nikampa na tishu."

Nilifikiri tutakwenda mbio kwa Teresia. Hata nilikuwa nimeshafunga leso mgongoni. Mama Katuku alitikisa kichwa.

"Siendi kunong'oneza kwa mtu mmoja nyuma ya nyumba. Waliniambia mbele ya watu kumi na saba. Watakuja hapa wote kumi na saba, kwa miguu yao."

"Wakikataa kuja?"

"Watakuja. Wanadhani nitalipa."

Akawatumia ujumbe, kikao kimehamishwa, Jumamosi saa saba mchana, kwa Chapu Kuku. Simu yake ililia mpaka jioni. Hakupokea hata moja. Alikuwa anamtafutia Polepole mchwa.

Walikuja. Wamevaa zile leso zetu za kikundi, za kijani, wakajipanga kando ya pampu kama wanakwaya waliokosa kanisa. Watu waliokuwa wakila waligeuka dirishani. Teresia alifika mwisho, uso umekaza.

"Mama Katuku, hii ni michezo gani? Unatuleta tukutazame ukila?"

"Kwanza tunanunua dizeli, Mwenyekiti. Pampu iko tupu, nyanya zinakauka." Aliweka mtungi wa plastiki chini, akatoa kadi, akaitoa kwenye karatasi ya mkate. Hakumpa Mwandawiro. Alimpa Teresia. "Shika wewe. Usiiachie mpaka uridhike. Mimi mikono yangu hii hapa." Akaifunga nyuma.

Mwandawiro alijaza mtungi. Teresia alimpa kadi. Mashine ilingoja, ikangoja, ikakataa. Mwandawiro akaiinua juu, akaitikisa, akavuka ua.

"Mfuateni!" Mama Katuku akasema. "Mfuateni, au mnaogopa kuku?"

Basi tukamfuata. Akina mama kumi na wanane na mtoto mgongoni, mstari mmoja kama tunaokwenda kutoa sadaka, tukapita katikati ya meza za watu na chipsi zao. Msichana wa kaunta alishika kinywa. Mwandawiro akagusisha kadi kwenye mashine iliyokuwa dirishani, ikalia, ikatoa karatasi. Mama Katuku alimwonyesha Susan kwa kidevu.

"Katibu, tusomee. Kama ulivyosoma siku ile. Na sauti ile ile."

Susan alisoma. "Chapu Kuku." Akaisogeza karibu. "Nairobi."

"Na tuko wapi?"

"Voi."

"Na umebeba nini?"

Susan alikuwa ndiye ameshika ule mtungi. Mama Tom ndiye alijibu kutoka nyuma. "Kumbe mwenzetu alikunywa dizeli!" Kicheko kikapasuka, hata wenye chipsi zao wakacheka.

Teresia alinyoosha mkono, na kicheko kikafa. "Hiyo ni ya leo. Sijakataa. Lakini ile ya siku ile tutajuaje ilikuwa nini?"

Mama Katuku alifungua mdomo. Nilimwona. Jibu alikuwa nalo tayari, angeweza kulitupa hapo mezani mbele ya wote, jeneza, Mwanda, mama mkwe, yote. Akaufunga. Hakutaka kulisema yeye, mbele ya mfiwa.

Ni Mwandawiro, bila kujua chochote, aliyemrudishia Teresia kadi. Na kwa ile tabia yake akachomoa tishu kwenye kaunta akampa pamoja nayo.

Teresia aliiangalia. Jogoo mdogo amechorwa pembeni. Aliikunja, akaikunjua. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shavuni, pale pale rangi ilipokuwa imeshika siku ile.

"Alinipa mimi," akasema. "Kwa dirisha. Kadi na hii. Nilijipangusa nayo mpaka Mwanda."

Nikawaambia lile la benki, kwamba malipo ya wikendi huandikwa Jumatatu. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yanachemka kule nyuma.

"Ni gari la mama," Teresia akasema. "Huyo kuku ni gari la mama." Kisha akaketi kwenye kiti cha karibu, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana sauti ya kanisani. "Mama Katuku, tusamehe. Tuombe, tuyaache hapa."

"Tutaomba," akasema Mama Katuku. "Lakini siku ile hamkuninong'oneza. Simama, Mwenyekiti, useme."

Niliona baadhi yetu wakitazama sakafu. Mwenyekiti ni mfiwa, na ni mkubwa. Lakini Mama Katuku hakusogea, na mikono yake bado ilikuwa nyuma. Teresia akasimama. Akasema, wote wakisikia, hata wenye malori, kwamba Syokau mweka hazina hakula pesa ya mtu, kwamba alilipa mafuta ya msiba wake yeye Teresia, na kwamba yeye ndiye aliyeshika kadi. Sauti ilikatika mara moja, akaimalizia.

Hapo Susan, nadhani alitaka kusaidia, akasema, "Basi tuweke sheria. Kuanzia leo, risiti kila mahali. Hata kwa msiba."

"Hapana."

"Lakini Mama Katuku, si umeona yaliyokupata? Ni kwa faida yako."

"Nimeona. Na bado hapana. Mtu wenu amelala mle nyuma, mwenzenu anamlilia mbele, mimi nisimame dirishani nasema subirini kidogo, risiti? Msiponiamini, ninyang'anyeni kadi leo. Lakini ikikaa kifuani mwangu, marehemu hatangojea karatasi. Mimi mwenyewe siku moja nitalala mle. Mkinisimamisha kwa sababu ya risiti, nitaamka niwatukane."

Mama Tom alicheka, akajizuia, akacheka tena. Teresia alikuwa bado ana kadi. Aliifunga katika ile karatasi ya mkate, vizuri, kona kwa kona, akasogea karibu na kumtia Mama Katuku kadi kifuani kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anavyomvalisha mtoto sweta.

"Irudi kwake," akasema. "Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga.

Tulikuwa tumeanza kutoka. Mtungi wa dizeli ulikuwa mzito na boda ilikuwa inangoja kuupeleka Mbololo. Lakini Mama Katuku alibaki kwenye kaunta. Alifungua fundo la leso yake, pesa zake za nyanya, akaziweka mbele ya yule msichana.

"Vipande viwili."

"Mama Katuku!" nikasema.

"Nini? Mji mzima umeambiwa nimekula kuku hapa. Wacha nile basi, maneno yapate mwili."

Alikula amesimama, hana haraka, anatazama barabara. Alichuna kipande cha nyama nyeupe, akakipuliza, akakibonyeza kwa vidole, akamtia Sharon mdomoni. Sharon alikitema.

Mama Katuku aliuangalia mfupa kwa karibu, akauonyesha kwenye mwanga wa dirisha.

"Haijaiva huku ndani," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye pampu. "Na kwa hii ndiyo mlitaka kuninyang'anya shamba."